Prostatitis sugu iliponifuata hadi kwenye mahari, Kanduyi

Kabla sijamwona, nilimsikia.

Ng'ambo ya ukuta wa mabati, mkojo wa mtu mwingine uligonga sakafu kama mvua ya Aprili: mnene, wa moja kwa moja, usio na wasiwasi wowote duniani. Upande wangu nilikuwa nimesimama dakika tatu nikibembeleza tone la pili.

Mvua ikakatika. Akatokea Mzee Barasa, miaka sabini na ushee, akifunga zipu. Ndiye baba ya Nafula, msichana niliyekuja kumposa siku hiyo.

"Mwalimu, bado uko hapo?"

"Nakuja, baba."

Wakuu, hamjambo. Haya yalinipata mwaka 2006 na sijayatia chumvi. Majina nimebadilisha, tezi ni ileile.

Nilikuwa nafundisha shule ya upili karibu na Kitale. Ugonjwa ulianza kama kuwashwa kidogo nikikojoa. Kisha yakaja maumivu kati ya korodani na njia ya nyuma, mahali ambapo hata Kiswahili hakijapapatia jina la heshima. Kupanda baiskeli ilikuwa kama kukalia kaa la moto.

Kipindi kimoja cha dakika arobaini nilikuwa natoka mara mbili. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Break.

Kliniki ya kwanza, kijana wa koti jeupe hakunipima chochote. Alitabasamu tu, akaandika dawa ya kisonono. Ya pili vivyo hivyo. Nilitibiwa kisonono mara nne, nikiwa sijafanya la kustahili hata mara moja.

Halafu muuza mizizi wa kutoka Kapsokwony akanipa chupa ya nguvu za kiume. Nguvu nilizipata kweli, za kukimbilia choo.

Mwishowe daktari mmoja Bungoma alinipima mkojo, akanipima na kwa kidole (hapo turuke), akasema ni chronic prostatitis. Tezi ya kiume imevimba, na imezoea kuvimba. Si saratani. Si ugonjwa wa zinaa. Sitamwambukiza mtu. Itakuja na kuondoka. Akanipa dawa, akaniambia niwe nakalia maji ya vuguvugu na nipunguze stress.

Nikamuuliza swali lenyewe, la chumbani.

"Maumivu na woga ndivyo vinakuzima," akasema. "Kuoa unaweza. Lakini mwambie huyo msichana."

Huyo msichana sikumwambia.

Miezi minane nilimkwepa Nafula. Akinikumbatia, nakumbuka nina vitabu vya kusahihisha. Kwa vile alikuwa ameokoka, mchungaji wao akanitaja mbele ya kanisa kama kijana anayejitunza. Watu wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa, wakaona unyenyekevu. Nilikuwa nimebanwa.

Sasa mahari. Pale kwao Kanduyi, upande ukitaka kushauriana hutoka nje, nyuma ya nyumba, kisha hurudi na neno moja. Bwana harusi hasemi kitu. Kwa hivyo akisimama yeye, kila mtu anajua kuna jambo zito.

Wazee wa Kanduyi walipotaja ng'ombe kumi na watatu, mimi nikasimama. Ankol Kamau, aliyekuwa msemaji wetu, akanifuata mbio na wajomba wawili.

"Umeona nini?" akaninong'oneza nyuma ya ghala.

"Nimeona choo."

Lakini tuliporudi, wenyeji nao walikuwa wameshauriana. Sasa ni kumi na wawili. Robo saa baadaye nikasimama tena. Kumi na mmoja. Mara ya tatu wakasamehe blanketi la nyanya yake Nafula.

"Huyu kijana ni jiwe, bana," mzee mmoja wao akamwambia mwenzake. "Amekunywa vikombe vitatu vya chai na hata hajakohoa."

Ankol akaanza kunikanyaga mguu chini ya meza. "Simama tena. Wanalegea."

Nilisimama, maana sikuwa na la kufanya. Njiani nikamkuta senge, dada ya Mzee Barasa, mikono kiunoni. Senge ndiye huuliza yale ambayo baba na mama hawawezi.

"Kijana. Ni sukari, ama ni ile ya wanaume?"

"Ni ile ya wanaume, senge."

"Nafula anajua?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Si uende umwambie kabla hao wazee hawajashikana mikono. Ama niende mimi?"

Funzo naliweka hapa, kwa sababu mwisho wenyewe hauna nafasi ya mahubiri. Ndugu, ukiandikiwa dawa ya kisonono bila hata kupimwa mkojo, tafuta daktari mwingine. Na kama una mtu, mwambie mapema. Mimi nilificha ugonjwa usioambukiza hadi aibu yake ikaambukiza ukoo mzima. Aliyepitia haya aandike hapo chini, hata kwa jina la bandia. Wa kucheka pia karibu, mradi aniachie kiti cha karibu na mlango.

Nafula nilimkuta stoo, kati ya magunia ya mahindi, akipakua nyama. Nilimwambia yote, hata mizizi.

Akaacha kupakua.

"Kwa hivyo hakuna mwanamke Kitale?"

"Mwanamke gani?"

"Miezi minane nafunga na kuomba Mungu amuondoe. Kumbe napigana na tezi." Hakucheka. "Itapona?"

"Inaenda na kurudi."

"Na watoto?"

"Daktari anasema tunaweza. Hakuniapia."

"Na mimi na wewe?"

"Siku zingine sawa. Siku zingine nitaumia, na nitakuambia. Sitajificha kwa vitabu tena."

Aliifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. Sijawahi kusubiri matokeo ya mtihani namna ile.

"Jumatatu tunaenda kwa huyo daktari wote wawili. Nataka nimuulize mwenyewe." Akabeba sufuria. "Saa hii naenda kumwambia senge awaambie wazee warudishe zile ng'ombe mbili walizopunguza. Siwezi kuolewa kwa bei ya mkojo."

Nikaanza kumfuata nimsaidie kubeba.

"Wewe kaa hapo," akasema. "Ukitoka mara nyingine, baba yangu atabaki na kuku."

Akatoka, akauvuta mlango kwa mguu, ukafungika nyuma yake.