Lenzi Ambayo Sikuigeuza

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa lenzi ya kamera, akaniuliza naona nini. Nikasema naona vumbi. Akacheka kidogo, akaniambia vumbi ni la wateja kulalamikia. Mimi nimeajiriwa kutafuta kioo kilichokaa upande. Karakana ile ilikuwa Mwanza. Mimi nilikuwa binti wa Mwandoya niliyejifunza kutengeneza saa, na nilidhani nimekuja kufuta vioo.

Kwa msiojua, lenzi si kioo kimoja. Ni vioo vitano, sita, hata kumi, vimepangwa ndani ya bomba, na katikati ya kila kimoja lazima pawe kwenye mstari mmoja na wenzake. Kimoja kikiinama kwa unene wa unywele, picha inatoka kali upande mmoja na upande wa pili inakuwa na ukungu. Mpiga picha huweka fokasi katikati, na katikati pako sawa, kwa hiyo hashtuki. Anakuja kushtuka picha zikishasafishwa.

Kupima hakuhitaji maajabu. Tulibandika kurasa za gazeti kwenye ukuta ulionyooka, tukafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kuisawazisha kwa pima maji ya waashi. Tundu la mwanga tulilifungua lote, maana likiwa dogo huficha kasoro. Tukapiga picha ya kwanza, kisha tukaigeuza kamera kichwa chini na kupiga ya pili. Ukungu ukihamia upande wa pili wa gazeti, lenzi ni mbovu. Ukibaki palepale, kosa ni la ukuta, au ni lako wewe uliyeiweka kamera mshazari.

"Usipoigeuza hujapima," alisema Fundi Mkuu. "Umetazama tu."

Sentensi hiyo niliisikia miaka minane. Kisha nikahamishiwa Bariadi, kwenye studio ya tajiri aliyemiliki karakana ile, fundi peke yangu, chini ya Msimamizi aliyejua maneno mengi na kamera kidogo sana. Mpiga picha wetu alikuwa Limbu, mtu wa Ngulyati, mpole, mwenye mkono uliotulia kuliko wote niliofanya nao kazi. Pamba ikishauzwa harusi zilifuatana, na yeye alizunguka nazo mpaka Kimali. Kwenye picha ya pamoja studio yetu ilikuwa na mpango wake: waliotoa ng'ombe wa mahari walikaa kulia kwa picha, waliopokea walikaa kushoto.

Mwaka mmoja waliopokea ng'ombe wakaanza kulalamika. Wakwe zao wanaonekana mpaka vifungo vya shati, wao wana ukungu usoni. Wengine walisema wamefutwa makusudi. Baba mmoja wa bibi harusi alipofariki, ikaanza kusemwa kwamba Limbu akikutia ukungu humalizi mwaka, na harusi mbili zikamkataa. Limbu akaniletea lenzi mezani, akasema tatizo limo humo.

Wiki chache kabla ya malalamiko kuanza nilikuwa nimeifungua lenzi hiyohiyo kuitoa vumbi. Siku Limbu aliyoileta nilikuwa na foleni ya kamera, nimechoka, na nilikuwa na hakika na kazi yangu. Nikapiga picha ya gazeti, upande wa kushoto ukatoka na ukungu. Nikajiambia nimeiweka stendi vibaya. Nikaisogeza kidogo, nikapiga tena, nikaisogeza tena, mpaka gazeti likasomeka pande zote mbili. Vijana, oneni ujinga huo: niliipindisha kamera ifuate kosa la lenzi, nikafurahi kwamba kosa halionekani. Kuigeuza sikuigeuza. Kwenye kadi ya ukaguzi nikaandika kwamba lenzi ni nzima.

Msimamizi aliisoma kadi, akaamua kwamba mkono wa Limbu unatetemeka, labda kwa pombe. Limbu hakuwa mnywaji. Akaachishwa kazi siku hiyohiyo, na kabla ya kuondoka alikuja kusimama mbele ya meza yangu.

"Kabula, uliigeuza?"

"Niliigeuza," nikasema.

Akanishukuru. Kati ya yote, hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwamba alinishukuru. Akarudi Ngulyati kulima.

Misimu miwili baadaye mpiga picha mgeni aliniletea lenzi ileile na malalamiko yaleyale. Safari hii niliigeuza, na ukungu ukahama. Nikaifungua. Chini ya pete inayoshika kioo cha mbele hukaa washa tatu za shaba, nyembamba kama ganda la kitunguu, ndizo zinazokifanya kioo kikae sawa. Nilikuta mbili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifungua lenzi ile Bariadi. Nikakata washa ya tatu kwa mkono, nikairudishia, nikapima, nikaigeuza, ikawa nzima, nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Nikajidanganya kwamba Limbu ameshazoea jembe.

Baada ya hapo nilirudishwa Mwanza, kisha nikaletwa tena Bariadi, safari hii nikiitwa mimi Fundi Mkuu. Filamu zikaisha, zikaja kamera za dijitali, halafu kila mtu akawa na simu mfukoni. Nilistaafu mwaka jana nikiwa na mgongo mbovu na jicho moja linaloona vizuri. Msimamizi alikuwa ameshafariki. Nikaona visingizio vimeniishia, nikapanda bodaboda mpaka Ngulyati.

Limbu alikuwa uani anaanika mahindi. "Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kama vile nilipita wiki iliyopita. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu washa hadi kadi. Kisha akasema harusi ya binti yake aliipigisha picha kwa mtu mwingine, asije yeye akaiharibu. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu.

"Niliutazama huu kila asubuhi, nikingoja utetemeke," akasema. "Niliwaamini."

Sasa ulikuwa unatetemeka kweli, kwa uzee. Nikamwomba msamaha. Aliendelea kusambaza mahindi mpaka mwisho wa turubai, ndipo akanigeukia.

"Uliandika kwenye kadi, Kabula. Basi andika tena."

Kadi zile zilichomwa studio ilipofungwa. Nyinyi mnaosoma kumbukumbu hizi mmetaka niwaeleze ufundi wa zamani, na nimeueleza. Kilichobaki ni kadi moja, naijaza hapa kwa jina langu. Lenzi ilikuwa mbovu. Niliiharibu mimi, na sikuigeuza. Mkono wa Limbu ulikuwa mzima.