Maji ya Muhindo

Harufu ya mchele unaochemka bila mafuta wala kitunguu hunirudisha mpaka leo kwenye nyumba ya mbao ya baba mdogo, hapa Goma, ambamo tulilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, na vita vilikuwa vimetutoa Kalengera maharage yakiwa bado shambani. Tuliteremka kwa miguu, tukapita Kanyaruchinya na Munigi, ambako siku zile hapakuwa na mahema ya wakimbizi kama leo, bali migomba na mbuzi. Mama alikuwa na Muhindo mgongoni. Kwetu jina hilo hupewa mvulana anayezaliwa baada ya wasichana watupu; sisi wasichana tulikuwa wanne, na mimi, Masika, ndiye wa kwanza. Juma la pili baada ya kufika, Muhindo akiwa na miezi saba, tumbo lake lilianza kumwaga. Lilimwaga siku tatu, mpaka utosi ukabonyea na akawa analia bila machozi.

Muuguzi wa dispansari alitupa agizo moja: tupike mchele mpaka upasuke, tuchuje maji yake, tutie chumvi kidogo, tumnyweshe kwa kijiko bila kukoma, na kila tone lichemshwe. Mtoto akiacha kukojoa, alisema, mjue mmechelewa. Ni agizo jepesi kwa mwenye maji. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe huimeza, wala hakuna kijito. Maji yalikuwa ziwani, na aliyeyaleta ni mimi, debe kichwani, miguu mitupu juu ya mawe yanayokata kama wembe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wangu haukumlemea mtu mwingine yeyote.

Ndipo walipokuja watu. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na anayekuja kutoa pole haombwi kitu. Hupewa maji ya kunawa na ya kunywa, huketishwa, husikilizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuja kwa upendo, sikatai. Walikuja wote wa Kalengera waliotawanyika mjini, wakanawa, wakanywa, wakasimulia watoto wao waliokufa, na kila mmoja akatuachia shauri. Wengi walikubaliana na bibi yangu mzaa baba: mtoto anayeharisha asipewe maji, kwa kuwa yanayoingia ndiyo yanayotoka, tumbo likaushwe kwa majani. Mama hakuthubutu kubishana na mama mkwe mbele ya wageni. Kila mgeni alipoingia, kijiko kilisimama.

Asubuhi ya siku ya nne ya wageni nilirudi kutoka ziwani nikakuta mtungi wa maji yaliyochemshwa ni mtupu. Wanawake watatu walikuwa wamekunywa na kunawia. Mama aliniambia kwa sauti ndogo kwamba Muhindo hajakojoa tangu jana. Niliyateleka maji niliyoleta, kisha nikasimama mlangoni na debe tupu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliona wa siku ya nne anastahili debe. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Kanyere, jirani yetu, mwanamke mwenye maneno.

"Ukitaka kuona mutoto, leta kwanza maji," nilimwambia.

Alinitazama kuanzia miguuni. "Masika, weye ni askari wa mupaka? Onyesha basi barua yako."

"Sina barua, mama. Maji yake mumeyamaliza."

Bibi alinizaba kofi mbele ya wote. Alisema nimeiaibisha nyumba ya mwanawe, na kwamba mtoto akifa atazikwa bila watu kwa sababu yangu. Sikulia, wala sikuondoka mlangoni. Mama Kanyere akalichukua debe mkononi mwangu.

"Mama muzee, utamupiga tena kesho," alimwambia bibi. "Leo hii anasema kweli."

Alishuka ziwani, na kila aliyekutana naye njiani akija kutoa pole alimrudisha akatafute chombo. Mama alikaa na kijiko, akampa mama mkwe wake mgongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hakukoma. Alasiri Muhindo alikojoa kwenye kitenge cha mama. Mama alikataa kukibadilisha.

Bibi aliishi miaka mingi akiwaeleza watu kwamba mtoto alipona kwa majani yake ya kukausha tumbo. Muhindo mwenyewe, sasa mzee mwenye mvi, anasadiki hivyo, na husimulia hayo mbele yangu. Nimechoka kumsahihisha.

Mwezi uliopita nilikwenda Kanyaruchinya kwenye mahema, kwa binti wa ndugu yangu ambaye vita vipya vimemleta huko. Nilikuta wanawake saba wamemzunguka mtoto wake mgonjwa wakitoa pole. Bidoni ya njano ya kuchotea maji ilikuwa kavu, na mtoto ananyimwa maji. Siku hizi dawa ziko za pakiti, na redio husema yale yale aliyosema muuguzi wetu. Niliyasema nami. Waliniitikia kwa heshima, kama anavyoitikiwa kikongwe asiyeona darasa hata siku moja, wakanipa kiti. Nilikikataa. Niliinua ile bidoni, nikaenda bombani kwa magoti yangu haya ya uzee, nikakuta foleni imepinda mpaka barabarani na maji yanatoka kama uzi. Niliiweka bidoni mwisho wa foleni. Ziwa la utoto wangu lilikuwa mbali, lakini kule hakuna aliyeniambia nisubiri zamu.