Mpiga Ngoma Asiyetoa Salamu

Usinitazame hivyo. Sijawahi kulewa maishani, na siku hiyo nilikuwa nimekunywa soda ya tangawizi tu. Haya nitakayokwambia niliyaona kwa macho yangu, taa zikiwaka, watu wamejaa, na wala si usiku wa manane. Watu walikuwa ndio kwanza watoke kuswali Isha. Ukiamini, vyema. Usipoamini, muulize Saumu.

Saumu ni mdogo wangu, mwimbaji wa bendi. Si taarabu, usikosee, wala si zile nyimbo za hotelini za kuwachezesha wageni. Ni vijana wa Mji wa Kale na magitaa yao ya umeme, nyimbo wametunga wenyewe, kelele mpaka meno yanatetemeka. Mimi fundi wa cherehani, lakini onyesho lao silikosi hata moja. Walikuwa wakipiga kila Alhamisi katika klabu moja ndogo, chumba cha juu, njia ya kwenda Feri. Tatizo, waliokuja walikuwa wachache, tena wakikaa kimya kama wako matangani. Mwenye klabu, Bwana Twalibu, akasema wazi: Alhamisi hii watu wasipocheza, bendi itoke, yeye ataleta meza za puli. Saumu hakula siku nzima.

Mama, ambaye hajakanyaga klabu wala hatakanyaga, akanipa chetezo na udi. "Kafukize hapo mahali, mwanangu. Hasidi hana sababu."

Sasa sikiliza kosa langu. Sisi watu wa mtaa wa Kibokoni tunajua kwamba udi haufukizwi kabla ya kutaja jina la Mungu, kwa maana harufu ile huwapendeza na wasioonekana. Lakini niliona haya. Bismillahi ndani ya klabu, chini ya taa nyekundu? Nikafunga mdomo wangu, nikafukiza jukwaa, magitaa, hata kiti cha mpiga ngoma.

Kiti chenyewe kilikuwa kitupu. Hamisi, mpiga ngoma wao, alipiga simu kutoka Likoni kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, haji. Saumu akakaa chini akalia. Ndipo akaingia mwanamke mrefu, buibui limemfunika mpaka sakafuni, ananukia asmini. Hakutoa salamu. Mombasa hii, mtu aingie bila salamu! Nilikasirika kabla sijaogopa.

"Mpiga ngoma wenu yuwapi?" akauliza.

"Hakuja."

"Basi n'tapiga mimi."

"Wazijua nyimbo zao?"

"N'tazifuata."

Niamini, hakuzifuata, alizibeba. Wimbo wa kwanza haujafika kati, watu wa nyuma wamesimama. Wa pili, vigelegele. Bwana Twalibu mwenyewe akawa anacheza na sahani ya viazi karai mkononi. Mimi nilikuwa mbele kabisa, furaha imenijaa, nikainamisha macho. Kila alipokanyaga pedali ya ngoma kubwa, pindo la buibui liliinuka kidogo. Hapakuwa na mguu pale. Palikuwa na ukwato wa punda, mweusi, unang'aa.

Wewe ungefanyaje? Ningetaja jina la Mungu tu, angetoweka. Lilikuwa ulimini tayari. Kisha nikamtazama Saumu: macho kayafumba, anacheka huku anaimba, na chumba kizima chamwitikia. Nikalimeza.

Balaa ni kwamba watu wa Mombasa wakifurahi husema nini? Mashallah! Mzee mmoja kando yangu akavuta pumzi, "Ma—", nikamtia kiazi kinywani. Mungu anisamehe. Nikamnyang'anya Bwana Twalibu sahani, nikawa nazunguka ukumbi nikilisha watu kama mwandazi wa harusini, kila mdomo unaofunguka naujaza.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Bwana Twalibu akashika kipaza sauti, machozi yanamtoka. "Mashallah, vijana wangu! Kila Alhamisi ni yenu!"

Vijiti vikaanguka sakafuni. Kitini hapana mtu. Wengine walidhani ametokea mlango wa nyuma, na klabu ile haina mlango wa nyuma.

Njiani kurudi nyumbani nikashindwa kuvumilia. "Saumu, nina neno."

"La kwato? Niliziona tangu wimbo wa kwanza, dada. Nilikuwa karibu kuliko wewe."

"Na hukukimbia?"

"Ningekimbiaje? Watu walikuwa wakicheza."

Meza za puli hazikuja. Siku hizi usipowahi utasimama ngazini. Hamisi amerudi, baba wa binti, na anapiga vizuri, sisemi hapigi. Ila mguu wangu ukikanyaga cherehani hufuata mdundo wa yule mwingine, na nguo za wateja zinakwisha kabla ya ahadi.

Basi nakuusia: ukifukiza udi, taja jina la Mungu, popote ulipo, usione haya. Na mgeni akiingia bila salamu, kisha kazi yake ikawa nzuri, usimtazame miguu. Mimi nilitazama, na tangu siku hiyo kila mpiga ngoma nikimsikia, namwona amepungukiwa na ukwato.