Nta Ukutani kwa Bibi

Juzi nikipita Sikonge nilimwona mzee akipaka nta ndani ya mzinga mpya ili kuwaita nyuki, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, enzi za Mwingereza.

Tulikuwa tumemleta Bibi, mama yake baba, kutoka Ipole hadi kwenye tembe kuukuu tulikohamia, nje kidogo ya Tabora. Miguu ilikuwa imemshinda, lakini hakutaka kukaa.

"Nirudisheni kwenye bustani yangu," alikuwa akisema.

Mama hakubishana naye. Alichora maboga na majani ya kunde kwenye ukuta wa chumba chake kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha akasugua nta juu yake ili ing'ae. Chumba kizima kikanukia asali. Mimi nikaamini tunakaribisha nyuki, nikakaa mlangoni tayari kukimbia.

"Mkwe, hilo ni boga au jiwe?" Bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Basi nielekeze, mama."

Akaelekeza mpaka jua likashuka. Nyuki hawakuja, nami nikasikitika kwamba nta imepotea bure. Sikujua kwamba Mama alikuwa akimwita mwingine.

"Ule ukuta wa dirishani," Bibi alisema, "kesho tutapanda mihogo."