Madirisha ya Daktari wa Meno

Wifi yangu anafunga madirisha ya mashua. Si mashua za kuvulia, hizo hazina dirisha. Ni zile za tanga za watu wenye nafasi, zenye chumba ndani, kitanda, na jiko la kuchemshia chai ya mtu mmoja na nusu. Madirisha yake ni ya plastiki ngumu. Jua likiyala miaka kadhaa yanapata rangi ya chai ya maziwa, halafu yanaota nyufa nyembamba kama nywele, halafu yanavuja, halafu mwenye mashua anaanza kumuulizia wifi yangu.

Zamani walikuwa wanaulizia watu wawili, yeye na kaka yangu. Wifi nje na bisibisi, kaka ndani ameshika nati kwa spana. Ndoa yao nzima ilikuwa hivyo, huyu huku, yule kule, plastiki katikati, na sijapata kuona watu wanaoelewana kama wale. Kaka alikuwa mrefu kupita kiasi. Ili aingie kwenye hivyo vijumba ilibidi akunjwe mara mbili kama shuka, na jioni wifi akimtoa anamwanika kwanza kwenye kamba anyooke ndipo waende nyumbani. Asiyeamini shauri yake.

Kaka alifariki siku ya kawaida tu, kabla ya chai. Alikaa kitandani kuvaa soksi, akavaa moja.

Wifi hakulia. Watu walidhani anajikaza, lakini hakuwa anajikaza, hakukuwa na cha kukaza. Alipokea wageni, akagawa vikombe, akasema ahsante, akafua mashuka. Na mimi nilikuwa vilevile, mimi ambaye hulia hata sufuria ikiungua. Nilijipapasa ndani nikitafuta uchungu wa kaka yangu nikakuta pamefagiliwa. Tukawa wanawake wawili jikoni, tunatazama maji yanachemka, yakichemka tunazima, tunasahau tulitaka kupika nini.

Msimamizi wa uwanja wa mashua tunamwita Bwana Funguo, maana zile funguo zake zimefika magotini na unamsikia kabla hujamwona. Siku moja tukazisikia mlangoni. Akaingia, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Shemeji," akamwambia wifi, "fundi matanga analitaka lile banda lenu la kazi. Anasema mnafugia vumbi."

"Anasema kweli."

"Sasa kuna mashua ya daktari wa meno. Madirisha yake yamekwisha kabisa. Mfungie mengine. Yasipovuja, banda ni lako na fundi matanga nitamziba mdomo mwenyewe. Yakivuja, shemeji, sitakuwa na la kumwambia."

Alipoondoka nikamuuliza wifi kama banda analitaka. Akafikiri muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani aliyehama.

"Sijui kama nalitaka," akasema. "Ila nikilikosa sitakuwa na sababu ya kuvaa viatu."

"Na nati nani atashika?"

"Wewe."

"Mimi, wifi? Na mwili huu? Ule mlango wa mashua ni kama tundu la kitufe!"

"Mlango utapanuka."

Zamani angesema hivyo akijishika mbavu. Sasa alisema tu.

Huyo daktari wa meno ameshastaafu, lakini bado anaongea na watu kama vile wote wamefumbua kinywa na hawawezi kujibu. Madirisha yake yalikuwa yamefifia hivi kwamba siku moja alikaa ndani kutwa akingoja ukungu uondoke juu ya maji, na nje jua lilikuwa linakaanga mijusi. Hilo nimelisikia kwa mtu, sikuliongeza. Nimelinyoosha kidogo tu.

"Hayasuguliki na dawa ya meno?" akauliza. "Nimekuja nayo." Kweli alikuwa na katoni nzima kwapani.

"Hayo mawili madogo yanasuguliwa," wifi akasema. "Haya makubwa yana nyufa. Ufa hausuguliwi."

"Kwa hiyo yang'olewe?"

"Yang'olewe."

Daktari akachangamka. Hapo alikuwa kwake.

Tukayang'oa. Wifi akalaza kila dirisha kuukuu juu ya plastiki mpya, akalichora, akakata, akalainisha kingo kwa msasa. Akatoboa matundu mapana kuliko bolti zenyewe. Nikamuuliza mbona anatoboa ovyo.

"Plastiki inavimba kwenye jua," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Tundu likiibana bolti, inapasuka."

Mimi nilisugua yale madogo, kwanza msasa laini, halafu dawa ya meno ya daktari na kitambaa, mpaka mashua nzima ikanukia kama kinywa cha bwana harusi. Yakang'aa. Nilimwita wifi aje aone. Akaja, akaona, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya kufunga nikapitishwa mlangoni. Jinsi nilivyopita ni siri yangu na sabuni. Wifi nje akapaka gundi nyeusi ya kuzibia, akapachika dirisha la kwanza, akasukuma bolti. Mimi ndani nikashika nati kwa spana. Namwona usoni, karibu kabisa, plastiki mpya safi kama haipo. Nikaona tusikae kimya kama tuko benki. Nikamsimulia yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akikoroma hadi mapazia yanaingia na kutoka, na usiku mmoja akavuta pumzi akaziingiza nguo zetu zote kutoka kwenye kamba, asubuhi mke wake akaamka na sketi yangu shingoni.

Wifi alikuwa anakaza tu. Gundi ikaanza kutoka pembeni, nyeusi, nene, inateremka ukutani. Nikaifuta na kitambaa, nikasifu kitambaa changu. Yeye anakaza, mimi nafuta, na hadithi inaendelea. Tukamaliza madirisha yote namna hiyo.

Baada ya siku mbili akavuta mpira wa maji kujaribu. Nilikuwa ndani nikichungulia. Maji hayakubisha hodi. Yaliingia chini ya kila dirisha, yakashuka ukutani, yakakaa kwenye godoro la daktari.

Fundi matanga akapita na mzigo wake wa matanga begani. "Ala! Mmechimba kisima?"

"Njoo unywe," nikamwambia, "labda utanyamaza."

Akaenda zake akipiga mluzi. Nilijua anakwenda kwa Bwana Funguo.

Wifi alizima maji, akakaa juu ya ndoo. Nikatoka kwa shida zangu, nikakaa chini karibu naye.

"Gundi haitakiwi kutoka yote," akasema. "Inabaki katikati kama godoro. Unakaza mpaka iguse tu, unaiacha ikauke, halafu ndiyo unakaza tena kidogo. Mimi nimeikamua yote."

"Si ulikuwa unajua?"

"Aliyekuwa anajua ni yeye. Yeye ndani anaiona inavyotanda kwenye plastiki. Ikifika anasema, 'Hapo.' Naacha. Miaka yote nimekaza mpaka aseme."

"Sasa kwa nini hukuniambia mimi niseme?"

Akatazama bisibisi.

"Nilikuwa nasubiri aseme," akasema.

Nikainuka, nikalivuta godoro la daktari nje kulianika.

Bwana Funguo akaja, tukamsikia tangu kwenye lango. Akaona godoro limeanikwa, akashusha pumzi. "Jumamosi ijayo daktari anaishusha majini, shemeji. Asubuhi yake nitayajaribu madirisha mwenyewe. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Tukafungua yote upya. Gundi ile ilitushika kama ndugu wa kudai urithi. Tulikwangua mpaka kucha zangu zikawa nyeusi, na sijui kama wifi alisikia mikono inamuuma, maana hakusema. Plastiki tulizisafisha kwa maji ya sabuni. Ilipofika kufunga, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Hapana," wifi akasema. "Wewe kaa nje. Mimi naingia."

"Bisibisi nishike mimi?"

"Unazungusha tu. Kulia."

"Na wewe umewahi kuiona hiyo gundi ikifika?"

"Sijawahi."

Akainama, akaingia alipokuwa akikaa kaka. Nikamwona kwenye plastiki, amekunja shingo, macho kwenye ule mstari mweusi. Nikazungusha. Safari hii sikusimulia kitu. Nikazungusha tena kidogo.

"Hapo," akasema.

Nikaacha. Bolti ya pili, vilevile. Sauti yake ilikuja ndogo, kavu, haina furaha wala huzuni, na kila aliposema niliacha. Tuliiacha gundi siku kadhaa ikauke, ndipo tukarudi kukaza kidogo.

Jumamosi Bwana Funguo akaushika mpira wa maji yeye mwenyewe, akayamwagia madirisha bila huruma. Fundi matanga akasimama pembeni, mikono kiunoni. Daktari alikuwa ndani na pamba zake, anagusagusa pembe za madirisha kama anatafuta jino bovu. Wifi alisimama palepale maji yanapomrukia, hakusogea.

Daktari akatoa kichwa. "Pakavu," akasema. "Pakavu kabisa."

"Rudia kuangalia," fundi matanga akasema.

"Nimeangalia vinywa miaka arobaini, bwana. Pakavu!"

Bwana Funguo akafunga maji. Akahangaika na lile furushi la funguo kiunoni, akachomoa moja, akampa wifi mkononi. "Banda lako, shemeji."

"Haya," wifi akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba alilia hapo mpaka mashua ya daktari ikaelea yenyewe. Ningeweza, mnanijua. Lakini hakulia, na mimi pia sikulia. Alikwenda kufungua banda. Matanga ya fundi matanga yalikuwa yameegemezwa mlangoni. Akamwambia ayaondoe, fundi akayaondoa. Akachukua ufagio, akaanza kufagia kuanzia kona ya mbali kuja mlangoni, taratibu. Vumbi likanipata, nikapiga chafya.

"Sogea, wifi," akasema.

Nikasogea.