Bernadette Alivyomtuza Mpiga Filimbi wa Sugar Land

Bernadette ni rafiki yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Mama huyu wa Uvira alifunga maboksi ghalani mpaka magoti yakagoma, ndipo akapata kazi ya kumtunza Mzee Trivedi hapa ughaibuni, Sugar Land. Alimshukuru Mungu kwa sauti, jengo zima tukasikia. Akiipoteza hii ni kurudi ghalani, na kwa magoti yale, thubutu!

Mzee ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mpiga filimbi ya mwanzi. Tangu afiwe na mkewe hakuwa ameigusa. Bernadette akamsumbua kila siku, "Papa, piga kidogo," hadi mzee akasalimu amri. Binti yake, Hetal, alifurahi mno, akaandaa tamasha sebuleni: madaktari, wahandisi, na rafiki wa kupiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za vidole. Mimi, nesi wa Meru, nilialikwa kwa kuwa ndimi dereva wa Bernadette asiyelipwa.

Hetal akatuhubiria kwanza. Raga hii, yaani muziki wa Kihindi atakaoupiga baba, alisema, imetokana na tuni za watu wa milimani, wachungaji wanaocheza peku bila haya. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima, wamekaa wima kama wanaongoja kupimwa presha.

Mzee akaanza polepole. Tabla ilipoingia filimbi ikachangamka, na haki ya Mungu, hata bega langu la Kimethodisti lilicheza. Bernadette alikuwa akitokwa na machozi.

"Mutu anapiga hivi, na munamuangalia tu sawa maiti?" akaniuliza.

Kabla sijamshika kitenge, kashavua viatu, yuko katikati ya zulia anakata kiuno na kupiga vigelegele. Akamfikia mzee, akambandika noti ya dola kwenye paji la uso. Kwao Kongo, mwanamuziki asiyetuzwa ametukanwa. Sebule ile ilidhani amemfanya mzee ombaomba.

Mzee alizidi kupuliza, noti ikiwa palepale. Lakini Hetal alitungoja mlangoni.

"Huu ni muziki wa heshima," alisema kwa upole. "Kesho usije."

Wachungaji wa milimani, nadhani, walikuwa wa kuhadithiwa tu. Bernadette alilia njia nzima, nami nikimgombeza. "We dada, si ungepiga makofi tu kama watu wengine?" Nilikuwa na hasira, na uchungu pia.

Wiki haikuisha, Hetal akanipigia simu nikiwa kwa Bernadette. Baba hali chakula vizuri, filimbi ameitupa chini ya kitanda. Bernadette arudi, ila muziki ukipigwa, aketi. Nikaweka simu kwenye spika, nikamtafsiria, huku nikimfinya akubali.

Bernadette akayatazama magoti yake. "Nitaketi," akasema.

Nyuma ya Hetal ikasikika sauti ya mzee, kwa Kiswahili chake cha dukani Kisumu: "Mama, kama nakuja kukaa tu, bakia nyumbani. Watu ya kukaa iko mingi hapa."

Hetal hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. "Baba anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema amekubali masharti yako," nikamjibu.

Bernadette alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni.