Filamu ya Kimalayalam Niliyoitafsiri Hai Mauna

Nilikwenda Juba kwa sababu ya mdomo wangu. Mimi ni dijei wa filamu: picha ikichezwa, nasimama kando na maikrofoni nikitafsiri kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na kisichosemwa pia. Rafiki yangu Okello, Mganda mwenye banda la video katika mtaa wa Hai Mauna mjini humo, alinipigia simu. Dijei wake ameacha kazi, na watoto wa mtaa wanaitaka filamu moja ya Kimalayalam, kuhusu wavulana wawili wa darasa moja. Kimalayalam sikijui hata salamu. Lakini mtu aliyemaliza shule ya usiku kwa mwanga wa koroboi atashindwaje na lugha? Nilipanda basi Kitale siku hiyo hiyo.

Baada ya Nimule, pale mpakani, vumbi liliniingia mpaka nikawa mzito kama gunia la simiti.

Sherikat, ukingoni mwa Juba, tulipolikaribia daraja la mto, jirani yangu wa kiti aliyecheka tangu mpakani alivuta pazia la dirisha.

"Hutaki kuuona mto?" nikamuuliza.

"Mwaka huu, hapana."

Nilichungulia mimi. Maji yalikuwa kimya, kama yanasikiliza.

Hai Mauna, Okello alinikumbatia. "Karibu, ndugu yangu! Leo mimi iko na watoto wengi, banda itapasuka!"

Mlangoni mama mmoja alikuwa akikaanga mandazi. Nilimsalimia, akanitazama mdomoni, si machoni. Ndani, mapazia meusi yaligeuza mchana kuwa usiku. Watoto elfu kumi, kwa hesabu ya masikio yangu, walikuwa wamebanana hadi ukutani. Lakini benchi la mbele lilikuwa na mvulana mmoja tu.

Filamu ikaanza. Marafiki wawili, dawati moja. Kisha mwalimu anatangaza uchaguzi wa kiranja, na urafiki unaingia mchanga. Desturi yetu madijei ni kuwapa waigizaji majina ya mtaani, watu wacheke. Nilikuwa nimeandaa Musa na Juma. Nilipofungua mdomo yakatoka mengine kabisa: "Huyu mwembamba ni Wani, na mwenye mashavu ni Loro!"

Hakuna aliyecheka. Watoto wote walimgeukia yule wa benchi la mbele.

Okello akaninong'oneza. "Kaka, nani alikuambia? Loro ni mtoto ya huyo mama ya mandazi. Alizama mtoni. Alikuwa anashindania ukiranja na rafiki yake Wani, ndiyo huyo hapo mbele. Watu wanasema Wani alimsukuma. Hakuna mtoto anacheza na yeye."

Kwenye picha, wavulana walikuwa wamefika ukingoni mwa bwawa, wakigombana. Mama wa mandazi alikuwa ameingia, mwiko mkononi. Nilijua kwamba neno langu moja baya lingemfukuza Wani mtaani. Nikaishusha maikrofoni, mimi niliyewahi kuongea kutoka Kitale hadi Mombasa bila kumeza mate.

Jenereta ikazimika. Gizani, sauti ya mtoto ikasema polepole, kama inayoendelea na tafsiri: "Wani hakunisukuma. Niliteleza. Alinishika mkono, ukamponyoka."

Okello alipofungua mlango, mama alikuwa tayari benchini, amemkumbatia Wani. Mvulana analia kwa kwikwi.

"Kalas, yametosha," mama akasema. "Kalas, mwanangu. Njoo ule."

Watoto wakasogea mmoja mmoja, mpaka benchi likajaa.

Safari ya kurudi, Okello alinisindikiza hadi Sherikat, akinisifu njia nzima. "Ile sauti ya mtoto uliiga vizuri, kaka! Hata mimi nilitetemeka."

Nilicheka, nikapanda basi. Mnanijua, chumvi huwa naimwaga. Hili naliandika bila punje: jenereta ilipozimika, maikrofoni ilikufa, nami nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Siku hizi nikifika banda jipya, kwanza huuliza majina ya watoto wa mtaa, waliopo na wasiokuwepo.